Kisu Butu Hula Mkono: Tunoe kwa Maji, Tutunze na Kinoo

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo. Tunayachapa hapa ili wale ambao hawakuwapo nao wayasome.)



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo katika kila nyumba. Kitu hicho ni kisu. Pamoja na kisu tuzungumze juu ya mwenzake, yaani kinoo. Kinoo ni jiwe la kunolea.

Wengi wetu tunakithamini kisu, lakini kinoo tunakisahau. Tukimaliza kunoa tunakitupa nyuma ya nyumba. Kinanyeshewa mvua, kinapigwa jua, kinakanyagwa na mbuzi. Kesho yake tunashangaa na kuulizana: "Mbona kisu hiki hakipati?"

Neno letu la leo ni moja. Mwenye kutunza kinoo ametunza kisu. Mwenye kutunza kisu ametunza mkono wake. Basi tulifuate neno hilo polepole, hatua kwa hatua.

KISU BUTU NI HATARI

Wako watu wanaosema: "Mimi sitaki kisu kikali nyumbani, kitakata watoto." Ni kweli kwamba kisu chochote kiwekwe mbali na watoto. Lakini kwa mtu mzima anayefanya kazi, kisu butu ndicho cha kuogopwa zaidi. Kwa nini?

Hebu fikiri unamenya muhogo. Kisu kikiwa kikali, hutumii nguvu. Kisu kinapita chenyewe, na mkono wako unakiongoza tu. Kikiwa butu, inabidi ukaze mkono. Unabonyeza, kinagoma. Unabonyeza tena, mara kinateleza! Je, ile nguvu yote inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kidole cha mkono wa pili.

Panga nalo ni hivyo hivyo. Panga kali huingia kwenye mti. Panga butu hudunda juu ya mti, likaruka upande na kumpiga mtu kwenye muundi.

Jeraha kama hilo si jambo la mchezo. Vijidudu vya ugonjwa wa pepopunda hukaa udongoni na katika samadi. Visu na mapanga yetu hushinda huko huko. Pepopunda huua. Kwa hiyo mtu akikatwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni. Kisipakwe udongo, wala majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha aende zahanati akatazamwe, na aulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Iko na hasara ya mali. Mtu akichuna ng'ombe kwa kisu butu, anavuta na kukwaruza, mwishowe anaitoboa ngozi. Ngozi yenye matundu hushuka daraja, na bei yake hushuka pia. Mkulima akipogoa mbuni kwa kisu butu, tawi halikatiki vizuri, bali huchanika. Kidonda cha mti huchelewa kupona kama kidonda cha mtu.

Kuna na jambo la huruma. Dini ya Kiislamu inamfundisha mchinjaji akinoe kisu chake vizuri, ili mnyama asiteseke. Hata asiye Mwislamu atakubali kwamba hilo ni neno la haki.

MAKALI NI NINI?

Kisu kina bapa mbili, huku na huku. Pale chini bapa hizo mbili zinapokutana ndipo penye makali. Zikikutana vizuri kabisa, kisu kinapata. Kisu kikitumika, pale zinapokutana huviringika kidogo kidogo, au hujikunja. Hapo tunasema kisu kimekuwa butu.

Basi kunoa ni nini? Kunoa ni kuondoa chuma kidogo upande huu na upande huu, mpaka bapa zikutane tena.

Tulishike sana jambo hili: kila tunaponoa, tunakula chuma cha kisu. Anayenoa vizuri anakula kidogo sana, na kisu chake kinaweza kudumu miaka mingi. Anayenoa vibaya anakula kingi. Bila shaka mmekwisha kuviona visu vilivyoliwa katikati vikabaki vyembamba kama mwezi mwandamo. Vingi vya visu hivyo havikuisha kwa kazi ya kukata. Viliisha kwa kunolewa vibaya.

KWA NINI TUTUMIE MAJI?

Wengine hunoa kisu kwenye kinoo kikavu, au kwenye ngazi ya saruji mlangoni. Kisu kinalia "kwaru, kwaru", nao wanafurahi wakidhani kazi inakwenda. Kumbe wanaharibu. Maji yana kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Kinoo kina vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Tukinoa, unga wa chuma huingia humo. Vitundu vikijaa, kinoo huwa kama kioo, na kisu huteleza tu juu yake. Maji huutoa unga huo.

Kazi ya pili ni kupoza. Tukinoa kwa mkono joto huwa dogo. Lakini kwenye gurudumu la kunolea linalozunguka kwa kasi, cheche huruka na makali hupata moto sana. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu kwenye makali, ujue ugumu wake umepotea. Kisu hicho kitanolewa leo, na kesho kitakuwa butu tena.

Hatuwadharau mafundi wanaopita mitaani na baiskeli zenye gurudumu la kunolea. Panga lililopata mapengo makubwa linahitaji fundi wa namna hiyo. Lakini tumwombe fundi asibonyeze sana, na alichovye panga ndani ya maji mara kwa mara.

Kazi ya tatu ni kufanya tope. Kinoo cha maji hulika kidogo kidogo, na chembe zake zikichanganyika na maji huwa tope jembamba. Msilichukie tope hilo. Linasaidia kunoa. Mtu anayelimwaga kila mara anatupa msaidizi wake. Tope likikauka ongeza matone ya maji. Likiwa zito mno na jeusi kabisa, ndipo ulioshe.

VINOO VIKO VYA NAMNA GANI?

Namna ya kwanza ni mawe ya asili. Wazee wetu waliyaokota mtoni au milimani. Jiwe la mchanga lenye chembe ndogo zilizo sawasawa hunoa vizuri. Jiwe lenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika hukwaruza makali. Anayesema "babu zetu walinoa kwa jiwe la mtoni" anasema kweli. Ila tukumbuke kwamba babu zetu hawakuchukua jiwe lolote. Walichagua, na jiwe zuri walilihifadhi.

Namna ya pili ni vinoo vya dukani vya rangi nyeusi au kijivu. Vingi hutengenezwa kwa kitu kinachoitwa kaborandamu. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja jina lake Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi. Alichoma udongo pamoja na makaa kwa nguvu ya umeme. Almasi hakuipata, lakini alipata chembe ngumu sana zinazong'aa. Chembe hizo ndizo kaborandamu. Kinoo cha namna hii mara nyingi kina pande mbili. Upande mmoja ni wa kukwaruza, na wa pili ni laini.

Namna ya tatu ni vinoo vya maji vya Japani. Maseremala na wapishi wa nchi hiyo wamevitumia tangu zamani. Karibu na mji wa Kyoto watu walichimba mawe laini ya kunolea kwa mamia ya miaka. Siku hizi vingi hutengenezwa viwandani. Wajapani hutumia mawe matatu kwa zamu: jiwe la kukwaruza kwanza, kisha la katikati, kisha laini la kumalizia. Ni sawa na seremala wetu anavyoanza na msasa mnene akamaliza na msasa laini.

Hapa ndipo kisomo kinapotufaa. Juu ya boksi la kinoo huwa kuna namba. Namba ndogo maana yake chembe ni kubwa, kinoo kinakwaruza. Namba kubwa maana yake chembe ni ndogo, kinoo ni laini. Namba kama 120 mpaka 400 ni za kisu chenye mapengo. Namba zilizo karibu na 1,000 ni za kunoa kisu cha kawaida. Namba 3,000 na kuendelea ni za kumalizia. Asiyejua kusoma namba hununua anachopewa. Sisi tunajua kusoma. Basi tulisome boksi kabla ya kutoa fedha.

Kwa nyumba ya kijijini si lazima kununua vinoo vitatu. Kinoo kimoja chenye pande mbili kinatosha.

Jambo moja la kuangalia: kinoo unachotaka kukitumia kwa maji usikitie mafuta. Mafuta yakiingia kwenye vitundu, maji hayaingii tena vizuri. Chagua moja, ama maji ama mafuta. Sisi tunasema maji, kwa sababu hayana gharama na yanasafishika kwa urahisi.

NAMNA YA KUNOA KISU

1. Loweka kinoo. Kinoo cha kukwaruza na cha katikati kiloweke majini dakika 10 mpaka 15. Utaona mapovu yakitoka. Mapovu yakikoma, kimeshiba maji. Kinoo laini sana hakihitaji kulowekwa muda mrefu. Kinyunyizie maji tu juu yake.

2. Weka kinoo mahali imara. Tandika kitambaa kibichi au kipande cha gunia juu ya meza, kisha weka kinoo juu yake ili kisiteleze. Usinoe huku umekishika kinoo mkononi au umekiweka juu ya paja.

3. Anza na upande wa kukwaruza ikiwa kisu ni butu sana. Kama ni butu kidogo tu, nenda moja kwa moja kwenye upande laini.

4. Laza kisu juu ya kinoo, kisha inua mgongo wake kidogo. Kiasi gani? Kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa. Kama bapa lina upana wa sentimeta 3, inua mgongo sentimeta 1, yaani karibu unene wa kidole kidogo. Ukiinua mno, makali huwa manene. Usipoinua kabisa, unakwaruza bapa bure.

5. Peleka kisu mbele na kukirudisha taratibu, ukikibonyeza kidogo kwa vidole vya mkono wa pili. Vidole vikae juu ya bapa, visivuke makali. Shika inua yako ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Jambo hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalomtofautisha fundi na mtu mwenye haraka. Nenda toka shina la kisu mpaka nchani.

6. Papasa makali upande wa pili kwa ncha ya kidole, ukielekeza kidole toka mgongoni kwenda nje, wala si kukipitisha kwa urefu wa makali. Utasikia chuma chembamba kilichojikunja. Tukiite mkunjo. Ukiusikia mkunjo kwa urefu wote wa kisu, upande huo umekwisha. Usipousikia, endelea.

7. Geuza kisu, fanya vile vile upande wa pili mpaka mkunjo uhamie upande wa kwanza.

8. Hamia upande laini wa kinoo. Noa pande zote mbili kwa zamu, ukipunguza kubonyeza kila mara. Mwisho uwe kama unapapasa tu. Hapo mkunjo hutoka, na makali hubaki safi.

9. Osha kisu, kikaushe kwa kitambaa. Kisu cha chuma kinachoshika kutu kipakwe mafuta kidogo ya kula.

Je, utajuaje kwamba kimepata? Kata nyanya bila kubonyeza. Kisu kikiingia kwa uzito wake chenyewe, kimepata. Au kata karatasi iliyoshikwa wima. Lakini tafadhali, lisiwe gazeti hili kabla hujalisoma!

PANGA NA JEMBE

Panga ni refu na zito. Badala ya kulitembeza panga juu ya kinoo, lilaze kwenye gogo ukalishikilia imara kwa mpini, kisha tembeza kinoo kibichi juu ya makali. Vidole vikae nyuma ya kinoo, mbali na makali. Makali ya panga yawe manene kuliko ya kisu cha jikoni, maana panga linapiga miti. Makali membamba mno huvunjika.

Panga lenye mapengo na jembe lililoliwa huanzwa kwa tupa. Tupa haitumii maji. Ukiilowesha itashika kutu na meno yake yatakufa.

KINOO NACHO HUCHOKA

Sasa tumefika kwenye shina la maneno yetu. Watu wengi hunoa katikati ya kinoo tu. Baada ya miezi michache kinoo huwa na shimo kama kinu kilichozeeka au kama tandiko la baiskeli. Hapo hata fundi hodari hawezi kunoa vizuri. Kwa nini? Kisu kinapopita juu ya shimo, inua yake inabadilika kila mahali. Makali yanaviringika badala ya kunyooka. Tunabonyeza zaidi, tunakula chuma zaidi, na kisu kinabaki butu. Tunalaumu kisu, kumbe kinoo ndicho kigonjwa.

Dawa yake ni hii:

Kwanza, tumia kinoo chote. Noa kichwani, katikati na miguuni mwa kinoo, ili kilike sawasawa.

Pili, kinyooshe mara kwa mara. Chukua penseli, chora mistari ya kukatana juu ya kinoo kizima. Kisha kisugue kwenye msasa uliotandikwa juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka, pamoja na maji. Ukikosa msasa, tumia sakafu ya saruji iliyo sawa, mchanga kidogo na maji. Baada ya kusugua tazama ile mistari. Palipofutika ni palipoinuka. Palipobaki mstari pana shimo. Endelea mpaka mistari yote imefutika. Kinoo cha kaborandamu ni kigumu, kitachukua muda. Usikate tamaa.

Tatu, usingoje shimo liwe kubwa. Kunyoosha kidogo kila baada ya kunoa visu vichache ni kazi ya dakika chache. Ukingoja mwaka mzima ni kazi ya kutwa.

Nne, ukimaliza kioshe tope lote. Kikaushe kivulini, kikiwa kimesimama kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Usikianike juani wala kando ya moto. Kinoo kilichojaa maji kikikaushwa kwa haraka huweza kupasuka.

Tano, usikiache ndani ya ndoo siku nyingi. Vinoo vingine hulainika na kumomonyoka.

Sita, kitunze mahali pasipo na mchanga wala vumbi. Chembe moja kubwa ya mchanga ikibaki juu ya kinoo laini itaharibu makali ya kisu chote. Tena kisidondoshwe. Kinoo hakipendi sakafu.

TUCHANGE PAMOJA

Mtu atasema: "Maneno ni mazuri, lakini fedha ya kinoo kizuri sina." Haya, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kinoo chenye pande mbili kinauzwa shilingi 12,000. Nyumba 6 zikichanga sawasawa, kila nyumba itatoa shilingi 2,000. Kinoo kikae kwa mtu mmoja mwaminifu. Awe na daftari. Kila anayekiazima aandikwe jina na tarehe, na akirudishe kimeoshwa na kimenyooka. Daftari hilo litakuwa na zoezi la kusoma na kuandika pia.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Sisi tunaongeza: na mwenye kinoo kilichonyooka ndiye mwenye kisu kikali.

Ndugu zetu, jioni ya leo, kabla giza halijaingia, kila mmoja akatazame nyuma ya nyumba yake. Akiokote kinoo chake, akioshe, akichore mistari ya penseli. Mistari ndiyo itakayosema kweli.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali?
2. Taja kazi tatu za maji wakati wa kunoa.
3. Kinoo kimoja kina namba 240 na kingine namba 1,000. Kipi ni laini zaidi?
4. Bapa la kisu lina upana wa sentimeta 6. Utainua mgongo wake sentimeta ngapi?
5. Katika kikundi chenu, nani atatunza kinoo cha pamoja, na daftari litaandikwaje?